Malemba Hakupotea Milimani

Shamba la Mkonge Lukwambe,
S.L.P. 611,
Morogoro,
Tanzania.

8 Machi, 1998.

Mpendwa dada Mghoi,

Shikamoo. Najua utacheka, maana tangu lini mimi na wewe tukapeana shikamoo? Lakini huku ndivyo walivyo. Mtu akikuzidi hata kwa masika moja unampa heshima yake, anaitikia, ndipo mazungumzo yanaanza. Nimeishi nao hadi nimekuwa kama wao. Basi niitikie huko uliko, tuendelee.

Hujambo wewe? Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi ya Wundanyi? Shemeji Mwandoe bado anahangaika na lile trekta lake, au ameliacha lifugiwe kuku? Na wanao? Niambie kila mmoja kwa jina lake, usinijumlishie kama ulivyofanya safari iliyopita. Sisi hapa tu wazima. Allen yuko nyumbani, anakula, anagomba na redio. Malemba yuko shuleni. Mimi mwenyewe sijambo, ila mgongo unaniuma, na sababu yake nitakueleza mwishoni.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule padri aliyetoka Bura kuja kusoma hapa Morogoro. Mwambie mama kwamba sikukasirika. Umeandika kuwa huko nyumbani imesemwa Malemba alipotea milimani na farasi, kwamba Allen amekatwa mguu, na kwamba siku hizi tunaishi kama wazungu, mwisho wa juma tunazurura badala ya kwenda kanisani. Na kwamba mama ametamka mtoto arudishwe kabla ya Pasaka, akalelewe na watu wenye akili.

Aliyeleta habari hizo namjua. Ni yule dereva wa lori anayepitia Mwatate. Simwiti mwongo. Alifika hapa siku ileile ambayo hata mimi niliamini mtoto amepotea, akaondoka kabla ya kujua mwisho wake. Sasa nakuandikia mwanzo na mwisho, umsomee mama polepole. Pale nitakapokuambia uruke, uruke.

Nianze na hao farasi, maana mama anadhani tuliwanunua kwa maringo.

Tulipofika hapa Lukwambe shamba lilikuwa msitu. Mashamba haya ya mkonge yalikuwa ya serikali, yakachoka, na sasa ni siku za ruksa, yanarudishwa kwa watu binafsi. Mwenye shamba wetu, mtu wa Nairobi mwenye asili ya Kigiriki, alimchukua Allen kutoka Mwatate kwa kuwa alijua kuifufua korona, ile mashine ya kusindika mkonge. Korona ilifufuka. Barabara za ndani ya shamba hazikufufuka. Zilikuwa zimeliwa na mvua na vichaka, gari halipiti, na unajua goti la Allen tangu ule mkanda wa mashine ulipolivunja kule Mwatate. Halikunji. Kutembea vitalu vyote hivyo kwa miguu asingeweza. Ndipo mwenye shamba akaleta farasi wawili kutoka Naivasha, dume lililohasiwa na jike, wa kukagulia shamba. Walikuja na majina ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeyakumbuka hata juma moja. Wakata mkonge wakamwita dume Afande, kwa kuwa alipenda kusimamia watu. Jike wakamwita Bi Harusi, kwa jinsi anavyotembea akiangalia chini na kuinua mguu mmoja mmoja.

Dada, ungemwona Allen siku ya kwanza juu ya Afande. Miaka yote hiyo nimemzoea mume anayeshuka ngazi kwa upande kama kaa. Pale juu goti halikuwa na kazi. Alikaa wima, akazunguka uwanja wa korona, na aliporudi aliniangalia kama kijana aliyeshinda kitu. Sikuwa na moyo wa kumkataza, ingawa mimi farasi nawaogopa. Wana macho makubwa, na hujui wanachofikiri.

Malemba hakuogopa. Unakumbuka alikuwa mtoto wa kimya, wa kujificha nyuma ya kanga yangu wageni wakija. Huku alizidi kuwa kimya, maana watoto wenzake walicheka Kiswahili chake na kumwita Mkenya. Baba yake alimpandisha Bi Harusi ili tu atabasamu. Baada ya muda nikawa namsikia akizungumza bandani na yule jike, habari za shuleni, za walimu, mambo ambayo mimi mama yake sikuwahi kuambiwa. Shule yake iko mjini, kwa hiyo siku za masomo anakaa Kilakala kwa rafiki yangu Bi Amina, mwalimu, mjane mwenye nyumba yenye maua mengi. Ijumaa jioni anarudi shambani, na kabla hajaniamkia mimi keshafika bandani.

Ndivyo matembezi yetu yalivyoanza. Matembezi hayatukatazi kanisa. Tunasali misa ya kwanza, au jumuiya ya huko tunakokuwa. Baada ya hapo tunakwenda. Allen na Malemba juu ya farasi, mimi nyuma na pikapu ya shamba, nimebeba chakula, pumba na madumu ya maji. Ndiyo, naendesha gari. Hilo pia umwambie mama, alimeze pamoja na mengine.

Tumefika mahali pengi. Safari moja tuliwapakia farasi kwenye lori la shamba hadi Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Kule ni tambarare tupu, na kando ya mifereji kuna njia ndefu zilizonyooka. Malemba alimwachia Bi Harusi hatamu akapiga shoti mpaka nikafumba macho. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliacha kazi, wakapiga vigelegele. Gairo tulikwenda kwa gari tu, kutafuta karanga na mahindi, kwa kuwa Allen anasema upepo wa Gairo unampandisha farasi wazimu. Mimi nadhani ulimpandisha yeye. Lakini mahali tulipopapenda kuliko kote ni milimani, upande wa Kinole, kwa sababu ya Bi Yustina.

Huyu Bi Yustina ni mama wa makamo, Mluguru, mwenye migomba, minanasi na viungo kwenye kitongoji kinachoitwa Luhangazi. Tulimpata kwa bahati. Mara ya kwanza Allen na Malemba walipopanda huko, watoto wote walikimbia wakipiga kelele kwamba amekuja punda wa Ulaya. Bi Yustina alitoka na mwiko wake mkononi, akawatazama, akasema, "Huyo mnyama anakula nini?" Malemba akamjibu kuwa anakula majani. "Basi si mgeni wa taabu. Karibuni." Tangu siku hiyo pakawa kwetu. Tunalala kwake Jumamosi, tunateremka Jumapili. Na tena kuna faida: kule juu hakuna mbung'o. Huku chini kwenye vichaka mbung'o wakimwuma farasi anaugua nagana, anakonda, anakufa. Kwa hiyo mama akisikia tunapeleka farasi mlimani kupumzika, asidhani ni upuuzi.

Gari halifiki Luhangazi. Naliacha kijijini, penye gulio na shule ya msingi, kisha kuna mto, unaitwa Mzinzile. Waenda kwa miguu wanavuka juu ya magogo mawili yaliyofungwa pamoja, farasi wanapita kwenye kivuko kilicho chini kidogo, maji hayazidi magoti yao. Baada ya hapo ni kupanda mlima katikati ya migomba.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa kabla ya Krismasi. Mvua za mwaka jana mnazijua, hata kwenu zilizoa madaraja. Kwetu zilikuwa zimenyamaza kwa siku chache, jua likawaka, Allen akasema twende, Bi Yustina atadhani tumemsusa. Tukaenda. Tukalala. Jumapili baada ya sala mimi nikatangulia kuteremka, kwa kuwa nakwenda taratibu na nilikuwa na mkungu wa ndizi kichwani. Nilivuka magogo vizuri tu. Maji yalikuwa yamebadilika rangi, mekundu, lakini sikuona la ajabu. Nikafika penye gari, nikatua mzigo, nikaketi kwenye kibaraza cha duka la mtu mmoja aitwaye Laurenti, nikanunua soda.

Sijamaliza soda nikasikia mngurumo. Nilidhani ni lori. Laurenti akainuka, akasema, "Mto huo, mama. Imenyesha juu."

Nilipofika ukingoni magogo yalikuwa yameshakwenda. Ng'ambo ya pili nikawaona Allen na Malemba wanatoka kwenye migomba. Nilipiga kelele wasivuke. Dada, sikuisikia hata sauti yangu mwenyewe.

Haya yanayofuata nayajua kwa sababu Malemba alinisimulia baadaye, maana mimi niliona tu midomo ikicheza. Bi Harusi alifika kwenye maji, akakita miguu ya mbele, akagoma. Allen akasema, "Mpige visigino." Malemba akampiga. Jike akarudi nyuma. "Mpige tena, maji yanapanda, tukichelewa tutalala huku." Malemba akasema, "Baba, hataki." Allen akasema, "Mnyama hachagui. Basi ngoja hapo, nivuke mimi, nikirudi nitamvuta kwa kamba."

Akaingia na Afande.

Afande alikuwa mtiifu, Mungu amlipe. Alikwenda hadi katikati, maji tumboni, kisha kifuani. Ndipo likaja gogo. Silisahau gogo lile, lilikuwa na majani mabichi bado, mti uliong'olewa mzima. Lilimpiga Afande ubavuni akaanguka upande, na mume wangu akaanguka naye, na goti lile lisilokunja likabaki ndani ya kikuku cha tandiko. Nikaona kichwa chake, nikaona mkono, kisha nikaona maji tu.

Sitakueleza nilivyolia, unanijua. Wanaume wa gulioni walikimbia kufuata mkondo, Laurenti mbele na kamba ya kufungia mbuzi. Chini kidogo mto unapinda na pana kisiwa cha mawe. Hapo Allen alikuwa amenasa kwenye matete. Walishikana mikono mnyororo mzima mpaka wakamtoa. Alikuwa anapumua, ametapika maji, na paja la mguu ule ule limevunjika, mfupa umeinua ngozi. Afande alipatikana kesho yake, mbali sana chini, amekufa.

Walipomlaza kwenye pikapu nikarudi ukingoni. Malemba alikuwa bado yuko pale ng'ambo, juu ya Bi Harusi. Alikuwa amemwona baba yake akizama. Walivyomtoa hakuona, mto umepinda na migomba imeziba. Hakujua kama ana baba au hana. Na mimi sikuwa na njia ya kumwambia.

Nilivua kanga ya begani, nikaipunga kuelekea mlimani. Rudi juu, rudi kwa Bi Yustina. Hakusogea. Nikampungia tena, nikaweka mikono shavuni kama mtu aliyelala, nikimaanisha baba amelazwa tu, hajafa. Baadaye aliniambia ishara ile ndiyo iliyomvunja kabisa, alidhani namwambia baba amelala usingizi wa milele. Nami nilidhani nimefanya la maana.

Laurenti akanigusa bega. "Mama, yule mtoto yuko mahali pakavu na ana watu kule juu. Mguu huu hausubiri. Nani anaendesha?"

Hapakuwa na mwingine. Dada, umezaa wanne, mimi nimejaliwa huyu mmoja. Nilisimama katikati ya gari na mto. Sijui kama nilifikiri chochote. Nilimwona Malemba akigeuza farasi, nikaona mkia mweupe wa Bi Harusi ukiingia kwenye migomba, nikapanda gari nikawasha.

Safari ile kwenda mjini siikumbuki vizuri. Nakumbuka Allen akiita, si jina langu. Alikuwa anaita, "Nitarudi kumvuta, nitarudi kumvuta." Vijana wawili wa gulioni walikuwa wamemshikilia nyuma. Pale Kiroka maji yalikuwa yanapita juu ya barabara, tukapita. Baada yetu hakupita mtu. Kesho yake barabara ilikuwa imekatika kabisa.

Hospitali ya mkoa walimpokea vizuri. Walimfunga mguu, wakautundika kwa kamba na mawe ya uzito. Mimi nikataka kurudi. Nikaambiwa hakuna gari linalovuka Kiroka, wala pikipiki. Jumatatu hiyo ndiyo dereva wenu alipita shambani, akaambiwa kwamba bwana anakatwa mguu na mtoto amepotea. Jioni Bi Amina alikuja wodini na uji, akakaa nami. Hakuniambia nisilie. Alisema tu, "Yuko kwa wanawake wa mlimani. Hawapotezi mtoto wa mtu." Nikamwuliza kama anaamini hivyo au ananipoza. Akasema, "Nusu kwa nusu." Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo.

Sasa ya Malemba, kama alivyonieleza mwenyewe na kama alivyothibitisha Bi Yustina.

Alifika Luhangazi, akashuka, akasema, "Baba amekufa," akakaa chini. Bi Yustina akamwuliza kama ameuona mwili. Hakuuona. "Basi hujui," akasema Bi Yustina. "Usimzike mtu kwa kinywa." Akampa maji ya moto aoge, akampikia, mtoto hakula. Asubuhi Malemba akasema anakwenda mjini kumtafuta baba. Wakamwambia mto haujashuka. Akasema atauzunguka. Na kweli, Kasimiri, kaka yake Bi Yustina, mpiga zeze na mpenda pombe, akasema ipo njia ya zamani ya wabeba ndizi inayopita juu, kule ambako Mzinzile ni kijito cha kuruka, kisha inazunguka ubavu wa mlima na kuteremkia Bigwa. Lakini hajawahi kuona mnyama mwenye kwato akipita huko. Malemba akamjibu, "Bi Harusi akikataa tutarudi. Akikubali tutapita."

Bi Yustina alikataa mara moja. Kisha akamtazama, akamwambia Kasimiri, "Nenda naye. Ukinywa njiani usirudi kwangu."

Wakaenda. Kasimiri mbele na panga, Malemba akitembea na kumvuta jike penye mteremko, akimpanda penye njia nzuri. Mahali pengine ardhi ilikuwa imemomonyoka na njia imebaki upana wa ubao. Hapo, anasema, alimwachia Bi Harusi hatamu, akamshika mkia, akamwacha achague mwenyewe pa kukanyaga. Mara mbili jike alisimama, akanusa, akapanda juu zaidi kutafuta njia yake, nao wakamfuata. Walilala kwa katekista mmoja wa huko juu, mzee Benedikto, ambaye alimwingiza farasi ndani ya kigango, kanisa lao dogo, kwa sababu ya mvua. Malemba anasema alisali rozari akiwa ameegemea ubavu wa farasi, na kwamba ubavu ulikuwa na joto.

Jumanne wakateremka Bigwa, wakaingia mjini. Mji mzima ulisimama, dada. Msichana mwenye nguo za matope, farasi, na mzee mwenye panga. Hakwenda hospitali, hakujua tuko hospitali. Alikwenda Kilakala kwa Bi Amina, kwa kuwa ndiyo nyumba aliyoijua. Bi Amina alikuwa anatoka kwenda shuleni. Anasema mtoto hakusalimia. Alisema, "Niambie tu."

Bi Amina akasema, "Yuko hai. Mguu umevunjika. Anauliza habari zako kutwa."

Ndipo Malemba akalia, kwa mara ya kwanza, akalia mpaka Kasimiri akaogopa. Bi Harusi wakati huo alikuwa ameingia bustanini anakula maua yote ya Bi Amina. Hakuna aliyemkataza.

Walikuja wodini pamoja. Muuguzi alimzuia mlangoni kwa sababu ya matope, akasema akanawe kwanza. Mimi nikaisikia sauti ya mwanangu ikijibu, "Shikamoo. Nitanawa nikishamwona." Nikainuka nimpokee. Alinipita mimi, dada. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akamtazama baba yake na mguu wake unaoning'inia, akasema, "Baba, nilikuambia hataki."

Allen akasema, "Uliniambia." Kisha akafunika uso na shuka.

Hapo ndipo Malemba alipogeuka akanikumbatia. Alikuwa ananukia farasi na moshi. Nilimshika mpaka muuguzi akachoka kungoja.

Basi mama aambiwe hivi: mtoto hakupotea. Aliyekuwa hajui alipo ni mimi. Yeye alijua anakokwenda. Mguu haukukatwa, umeunga, ila umekuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, anatumia gongo. Daktari amesema asipande farasi tena maisha.  Mwezi wa kwanza wote Allen alisema Bi Harusi auzwe. Kuna mtu wa Arusha alikuja kumtazama, mwenye shamba akamwachia Allen uamuzi. Malemba hakubishana. Alimsugua jike, akamsuka manyoya ya shingo ili apendeze kwa mnunuzi. Allen alikuwa amekaa kwenye kiti uani, anamtazama binti yake akifanya hivyo. Yule mtu alipotoa bei, Allen akamwambia samahani kwa safari ndefu, farasi hauzwi. Akaingia ndani. 

Kuhusu kurudishwa Wundanyi. Dada, nimelifikiria, kwa sababu ni neno la mama na halitupwi. Ninajua anachoogopa. Mimi nimekiona kwa macho, ng'ambo ya maji, na sijapona. Lakini mtoto niliyemleta huku alikuwa hawezi kumwomba jirani chumvi. Mtoto niliye naye sasa aliwaambia watu wazima jambo la kweli, hawakumsikiliza, na bado akaenda kuwatafuta. Nikimtoa hapa leo ataelewa kwamba ameadhibiwa kwa lile lililo bora ndani yake. Kwa hiyo hatarudi. Atakuja Pasaka, nami pamoja naye, tutakaa hadi shule zifunguliwe, mama amguse mwenyewe mikono na miguu ahakikishe imetimia. Amtengenezee kimanga cha muhogo na maharagwe, maana anakiota. Kisha tutarudi wote wawili. Umwambie kwa upole, lakini usilipunguze.

Hapa ndipo uruke unapomsomea mama.

Nilikuambia mgongo unaniuma. Mwenye shamba alikuja mwezi uliopita. Korona Allen anaimudu akiwa amekaa, lakini vitalu vinataka mtu wa kuvizunguka, na barabara ni zilezile. Alisema atatafuta mtu mwingine kutoka Kenya, anayejua farasi. Kama angepatikana huyo, nyumba hii ingekuwa yake na sisi tungefunga mizigo.  Kesho yake asubuhi nilikwenda bandani, nikamwambia Malemba, "Nionyeshe anapopandiwa."

Akaniuliza, "Mama, si unawaogopa?"

Nikamwambia ndiyo, nawaogopa, nionyeshe tu.

Nimeanguka, dada. Nimeanguka kwenye matope, na mara moja juu ya mkonge, na miiba yake unaijua. Malemba ni mwalimu mkali, hacheki, anasema tu, "Panda tena." Allen huketi kwenye kiti chake na gongo akinipigia kelele nishushe visigino, na nimeanza kumsikia akicheka tena. Jumatano iliyopita nilizunguka vitalu vya chini peke yangu, toka jua linachomoza hadi korona ilipopiga king'ora cha chakula. Wakata mkonge walivua kofia. Niliona mkonge wote ule kutoka juu, mistari yake, na milima ya Uluguru nyuma yake imetoka mawinguni, nikajiuliza kwa nini nilikaa miaka yote hii ndani ya pikapu.

Nimeomba kazi hiyo. Mwenye shamba amekubali, kwa majaribio. Naanza kesho.

Nisalimie mama, umbusu mkono. Nisalimie shemeji Mwandoe, na shangazi Mkamburi, na wanao wote wanne, na majirani wa kisimani wanaoniuliza. Allen anawasalimu, anasema yuko imara upande mmoja na upande wa pili unafuata. Malemba anakuamkia, na anaomba umtafutie brashi ya manyoya magumu huko Voi, hapa hazipatikani. Bi Yustina hamjui hata mmoja wenu, lakini ametuma tangawizi na mdalasini, nitakuja nazo. Mungu awakinge na mvua hizi, awape mavuno yasiyooza shambani, atufikishe Pasaka tukiwa na hesabu kamili.

Na kama mama atauliza ni nani sasa anayepanda farasi nyumbani kwangu, usimdanganye. Mwambie ni mtu mzima, mwenye akili zake, anayekwenda misa. Kisha mpe maji ya kunywa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu tulipolala kitanda kimoja,

Wakesho